Hiyo asilimia 50 imetoka wapi? Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima

Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA),
Dodoma.

YAH: KUGAWANYIWA LAWAMA YA AJALI BILA KUPEWA SABABU

Ndugu Kamishna,

Ninafundisha hesabu sekondari, huu ni mwaka wa 19. Mwanafunzi akiniletea jibu tupu bila njia, hata kama jibu ni sahihi, simpi alama zote, kwa sababu sijui amelipataje. Nakuandikia kwa kuwa kampuni moja ya bima imeniletea jibu bila njia, na jibu lenyewe ni kwamba nibebe asilimia 50 ya lawama ya ajali.

Ilikuwa jioni ya siku ya shule, saa kumi na moja na nusu, Barabara ya Mandela, Dar es Salaam. Nilikuwa nimeshapita External narudi nyumbani Tabata. Nilikuwa njia ya kushoto, mwendo kama kilomita 40 kwa saa, maana foleni ndiyo kwanza ilikuwa inafunguka. Kulia kwangu kulikuwa na lori la kontena. Kushoto kuna sheli. Gari dogo lilitoka sheli, likaingia barabara kuu bila kusimama, likanigonga ubavuni: mlango wa nyuma wa kushoto na fenda ya nyuma. Sehemu ya mbele ya gari langu haina hata mkwaruzo.

Binti yangu wa darasa la tano alikuwa kiti cha nyuma. Siku zote hukaa kushoto. Siku ile nilikuwa nimepanga madaftari ya Kidato cha Pili upande huo, nikamwambia akae kulia. Mlango uliingia ndani mpaka ukayasukuma madaftari yakamfikia mapajani. Hakuumia, alhamdulillahi. Lakini kila nikisoma maneno "pande zote mbili zimechangia" kwenye barua ya kampuni ya bima, nauona ule mlango.

Trafiki walifika. Walipima kwa futi kamba, wakachora ramani, wakapiga picha magari kabla hayajasogezwa. Dereva mwenzangu hakubisha. Aliandikiwa kosa la kuendesha bila uangalifu, akalipa faini, akaniomba radhi mbele ya askari. Mpaka leo sina ugomvi naye. Ni kijana mstaarabu, alichelewa kuangalia kulia, basi. Ugomvi wangu ulianza wiki saba baadaye, barua ya kampuni iliyomkatia bima iliponifikia. Sababu yao ilikuwa sentensi moja: magari yote mawili yalikuwa kwenye mwendo, hivyo kila upande utabeba nusu.

Ndugu Kamishna, nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Gari langu kweli lilikuwa kwenye mwendo. Lilikuwa barabarani. Kuwa kwenye mwendo barabarani si kosa, na hakuna kifungu cha Sheria ya Usalama Barabarani kinachosema anayetembea kwenye njia yake, chini ya mwendo unaoruhusiwa wa kilomita 50 kwa saa, agawane lawama na anayeingia kutoka pembeni. Anayeingia ndiye anayesubiri. Hilo hufundishwa siku za mwanzo kabisa za udereva, kabla mtu hajakabidhiwa usukani. Tukikubali kwamba mwendo peke yake ni nusu ya kosa, basi kila ajali ya magari mawili yanayotembea ni nusu kwa nusu, na hakuna haja ya trafiki kuchora ramani.

Nilikwenda ofisini kwao. Nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti. Nilipouliza njia ya jibu lao, nikaambiwa ningeweza kupiga honi au kukwepa. Hapo nikatoa kalamu, na naomba nirudie hesabu hiyo hapa, kwa sababu hata mwanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza anaiweza.

Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hukata takriban mita 11 kila sekunde. Tuseme yule kijana alianza kuingia barabarani mimi nikiwa nimebakiza mita 10. Hiyo haifiki sekunde moja. Mtu anahitaji kama sekunde nzima kuona, kuamua na kufikisha mguu kwenye breki, na hapo breki zenyewe hazijaanza kushika. Gari langu ni Toyota IST, urefu wake haufiki mita nne. Aliponigusa mlango wa nyuma, pua ya gari langu ilikuwa imeshampita. Ningempigia honi mtu ambaye tayari yuko nyuma ya bega langu? Na kukwepa, ningekwepea wapi? Kulia kulikuwa na kontena. Pale alama ya mgongano ilipo panaeleza nani alimfuata nani. Panaeleza vizuri kuliko mimi na kuliko mtu yeyote mwenye maslahi na jibu.

Mthamini wao alikuja gereji Tabata, akakaa dakika chache, akapiga picha mlango. Alikuja kupima gharama, na gharama aliipima sawasawa. Sina lawama naye. Lakini hakwenda eneo la ajali. Nilipoomba nione taarifa iliyotumika kugawa lawama, niliambiwa ni ya ndani. Ramani ya polisi ipo kwenye faili lao, nimeiona kwa macho yangu, na barua yao haiitaji hata kwa neno moja.

Sisemi kwamba lawama haigawanyiki. Magari mawili yakirudi nyuma pamoja kwenye maegesho yakagongana, nusu kwa nusu ni haki. Ningekuwa nakimbiza kilomita 80 pale palipoandikwa 50, ningestahili kubeba sehemu. Ingekuwa usiku na taa zangu hazifanyi kazi, ningenyamaza. Katika mifano yote hiyo kuna jambo nililofanya ambalo unaweza kulinyooshea kidole. Katika ajali yangu nimeomba nionyeshwe jambo hilo mara tatu kwa maandishi, na sijaonyeshwa.

Ndugu yangu mmoja ni wakili, na yeye ndiye aliyenieleza historia ambayo imenikaa moyoni. Utaratibu huu wa kugawa lawama tumeurithi kutoka Uingereza. Zamani kwao mtu akiwa na kosa hata dogo, alikosa fidia yote. Mwaka 1809 mahakama yao ilimnyima fidia mpanda farasi aliyejikwaa kwenye mti ambao mwenye nyumba mmoja alikuwa ameulaza njiani, kwa sababu tu alikuwa anakimbiza farasi jioni. Ukali huo ulidumu miaka mingi mpaka mwaka 1945, Bunge lao lilipotunga sheria kwamba fidia ipungue kwa kadiri ya mchango wa mtu katika kosa, isifutwe yote. Yaani kugawa lawama kulibuniwa ili kumwokoa mwenye kosa dogo asipoteze kila kitu. Leo mimi nisiye na kosa lililotajwa nakatwa nusu kwa kutumia dawa hiyohiyo. Na huko ilikotoka, anayedai kwamba mwenzake amechangia ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Sheria yetu ya Ushahidi nayo inaanzia hapohapo: mwenye kudai athibitishe dai lake.

Kuna jambo ambalo pengine halionekani kutoka ofisi za juu, naomba niliseme wazi. Mimi nina bima ndogo, ile inayomlipa mtu niliyemgonga lakini haitengenezi gari langu. Nililipa shilingi 118,000, stika ikasoma kwenye mfumo, nikaendelea na maisha. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya mtu wa tatu, na siku ile mtu wa tatu nilikuwa mimi. Lakini mtu wa tatu hana mkataba na kampuni anayoidai. Hakuichagua, hakusaini nayo chochote, haina sababu ya kuogopa kumpoteza kama mteja. Kampuni yangu nayo bima yangu hainitengenezei gari langu, kwa hiyo sikuona ikininyanyulia hata simu. Mwenye bima kubwa akiambiwa nusu kwa nusu, kampuni yake inamtengenezea gari halafu wanamalizana wenyewe kwa wenyewe. Mwenye bima ndogo hiyo nusu inatoka mfukoni mwake. Gereji imeniandikia shilingi 2,600,000: kunyoosha bodi, mlango mwingine, taa, rangi. Nusu yake ni 1,300,000, mshahara wangu ukishakatwa haufiki huko.

Hapo hapo, nikikubali nusu, nimekubali pia kwamba nusu ya gari la yule kijana idaiwe kwenye bima yangu. Nitakuwa nimeandikwa mkosaji kwa ajali ambayo mkosaji wake alishalipa faini.

Yupo mzazi mmoja shuleni kwetu, dereva wa bodaboda, aligongwa mwaka jana na gari lililokuwa linakata kona bila kuashiria. Naye aliambiwa nusu, kwa maneno yaleyale: vyombo vyote vilikuwa kwenye mwendo. Alisaini siku hiyohiyo. Nilipomuuliza kwa nini hakubisha, aliniambia, "Mwalimu, pikipiki si yangu. Bosi anataka hesabu yake kila jioni, ajali au hakuna ajali. Ningebisha wiki mbili ningekula nini?" Alipokea nusu, nusu nyingine akakopa. Mimi nina mshahara, naweza kusubiri na kuandika barua. Yeye hakuwa na hata siku tatu. Ninapokuandikia, Ndugu Kamishna, namfikiria yeye kuliko ninavyojifikiria.

Najua njia rasmi zipo. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ndiyo iliyounda Mamlaka yako na ikampa mwananchi Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na malalamiko yangu nayapeleka huko. Lakini Msuluhishi husikiliza mgogoro mmoja mmoja, baada ya mtu kuumia. Wewe unaweza kutoa waraka mmoja ukagusa kampuni zote asubuhi moja.

Ninaloomba liwemo kwenye waraka huo ni dogo. Kampuni ikimgawia mtu lawama, iandike ni kitendo gani alichofanya au alichoacha kufanya, na ushahidi gani unaonyesha hivyo. Kama ramani ya polisi inasema tofauti, ieleze kwa nini haikubaliani nayo. Kama haiwezi kutaja kitendo, basi asilimia yake ni sifuri. Na taarifa iliyotumika kumkata mtu fedha apewe nakala, hata kama si mteja wao, kwa sababu fedha inayokatwa ni yake.

Jambo la pili lina uzito kuliko la kwanza kwa watu kama yule wa bodaboda. Nusu ambayo kampuni yenyewe inakiri kwamba inadaiwa, ilipwe mara moja, na iliyobaki ibishaniwe pembeni. Hivi sasa mtu akitaka hata hiyo nusu isiyo na ubishi, anawekewa mbele karatasi ya kukubali kwamba ni malipo kamili na ya mwisho. Akisaini, amefunga mlango. Asiposaini, hapati hata shilingi. Hapo anayeshinda si mwenye hoja, ni mwenye uwezo wa kukaa muda mrefu bila gari.

Karatasi yangu ninayo hapa mezani, chini ya madaftari. Sijaisaini. Mlango wa gari nimeufunga kwa kamba kwa ndani, binti yangu anapandia upande wa kulia, na kila asubuhi tunapita palepale sheli. Namba ya dai, nakala ya ramani ya polisi na picha nimeviambatanisha kwenye nakala ya barua hii iliyokuja ofisini kwako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa hesabu,
Tabata, Dar es Salaam.