Barua kwa shoga yangu kabla ya usaili

Morogoro, Alhamisi usiku

Shoga yangu mpendwa,

Salaam nyingi. Natumaini mama ameshaanza kuukanyagia ule mguu. Nimefurahi mno kusikia ile kampuni ya bima imekuita kwenye usaili Jumanne. Ila ulichoandika mwishoni kimeninyima usingizi: eti wakikuuliza kwa nini ulisoma Kiswahili chuoni, utasema ulikipenda tangu utotoni. Nakuomba usiseme hivyo.

Mimi nilisema hivyohivyo. Usaili wangu wa kwanza, Dar es Salaam, jopo la watu watatu, nikaulizwa kwa nini Sayansi ya Udongo. Nikajibu kwamba tangu mdogo naupenda udongo. Mama aliyekaa katikati akaandika neno moja, akafunua karatasi nyingine. Sikuitwa tena. Ukweli unaujua: nilisoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) nikiwaza udaktari Muhimbili, alama hazikutosha, nikaangukia SUA, chuo cha kilimo hapa Morogoro. Muhula mzima niliona aibu hata kuitaja kozi yangu.

Kilichonigeuza ni shamba la baba kule Mbozi. Likizo ya mwaka wa pili nilikuta mahindi yamedumaa, majani yameingia zambarau, na baba kila msimu anakopa kwenye kikundi kununua mbolea ya DAP, yenye fosforasi. Nikabeba udongo kwenye mfuko wa unga hadi maabara ya chuo. pH, kipimo cha asidi, ikasoma 4.7. Udongo wenye asidi kiasi hicho unaachia aluminiamu inayoumiza mizizi, na fosforasi ya mbolea inanaswa humo humo isifike kwenye mmea. Baba alihitaji chokaa ya kilimo kwanza kupunguza asidi hiyo, na hakuna aliyewahi kumwambia. Alishauza ng'ombe mmoja kulipa deni la mbolea ambayo mahindi hayakuifaidi. Nililia siku ile, na tangu siku ile sikuionea aibu kozi yangu.

Nilipoitwa benki kwa kazi ya afisa mikopo, mzee mmoja akauliza, "Udongo na mikopo wapi na wapi?" Nikawaambia wazi kwamba sikuichagua kozi hii kwa mapenzi, kisha nikawasimulia shamba la baba. Nikasema mkulima mwaminifu kabisa anaweza kushindwa kulipa kwa sababu tu udongo wake haukupimwa kabla ya kukopeshwa mbolea. Yule mzee akaweka kalamu chini, tukazungumza karibu nusu saa. Maswali mengine yote siyakumbuki.

Sasa wewe. Utaulizwa, sina shaka: "Kiswahili si tunakizungumza wote?" Usiwajibu kwa ukali, wala usianze kuwatajia UNESCO na tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Waeleze utafiti wako wa mwaka wa tatu. Uliketi wiki ngapi kwenye ile mahakama ya mwanzo? Wasimulie yule mama wa kesi ya ndoa aliyeitwa mdaiwa, akasimama akasema yeye hana deni la mtu. Mahakama ilimaanisha aliyeshtakiwa, yeye akasikia mwenye deni. Lugha moja, chumba kimoja, na hawakuelewana. Mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, ni wewe uliyeniambia kwamba kubadili lugha ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kueleweka. Nililiandika kwenye daftari langu, sijalisahau.

Kisha walete kwenye bima yao. Mtu anakata bima ndogo, anagonga mti, anakuja kudai gari lake litengenezwe. Anaambiwa bima hiyo inamlipa aliyegongwa, si yeye. Anaondoka akiamini ametapeliwa, na mtaa mzima unasikia. Nani angemweleza siku ile anatia sahihi, kwa maneno anayoyaelewa? Hapo ndipo kozi yako ilipo. Na kama watauliza kama ilikuwa chaguo lako la kwanza au la, sema ukweli kwa sentensi moja, uendelee.

Naona umezoea kujieleza kana kwamba unaomba radhi kwa shahada yako. Inaniuma, maana mimi nilikuona ukiisoma hadi saa nane za usiku.

Jumatatu saa mbili usiku nakupigia. Nitakuuliza swali la kwa nini Kiswahili mara tatu, kila mara kwa sauti kali zaidi. Tafuta sehemu yenye mtandao, na ule kwanza.

Msalimie mama sana.

Shoga yako wa chumba kimoja