Huruma ya mpiga ramli na huruma ya mtaalamu wa saikolojia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tabia ya kuwabeza watu wanaopeleka dhiki zao kwa mpiga ramli, kana kwamba hawapati chochote huko. Wanapata. Wanapata mtu anayewatazama usoni, anayewasikiliza bila haraka na kuyapa mateso yao maelezo yanayoeleweka. Jerome Frank, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alieleza tangu mwaka 1961 kwamba waganga wa jadi na wataalamu wa tiba ya mazungumzo hutegemea mambo yanayofanana: uhusiano wa kuaminiana, mahali maalumu pa kukutania, maelezo ya chanzo cha shida na utaratibu ambao pande zote mbili huuamini. Kwa hiyo imani haiwatenganishi.

Tofauti huanza pale msikilizaji anapokosea. Mpiga ramli hodari husoma uso wa mteja, kisha husema maneno yanayomfaa karibu kila mtu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ameandikiwa peke yake, kumbe wote walipewa maandishi yale yale. Kwa wastani waliyapa alama zaidi ya nne kati ya tano kwa usahihi. Aliyeguswa hivyo hudhani ameeleweka, na utabiri usipotimia huambiwa kwamba hakufuata masharti, au kwamba adui yake, ambaye mara nyingi ni ndugu au jirani, ana nguvu zaidi.

Huruma aliyoieleza Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, yaani kujaribu kuiona hali kama mteja mwenyewe anavyoiona, inadai kinyume chake: mtaalamu humrudishia mteja kile alichodhani amekielewa, naye mteja ana haki ya kukikataa. Hapo ndipo ninapowalaumu pia baadhi ya wataalamu, maana yupo anayechukulia kila pingamizi la mteja kuwa dalili ya ugonjwa wenyewe, na huyo, hata awe na vyeti ukuta mzima, anapiga ramli tu. Anayetafuta msaada asione haya kumuuliza mshauri wake, tangu kikao cha kwanza, watajuaje kwamba tiba haifanyi kazi na watachukua hatua gani wakiligundua hilo.

Msomaji wako