Mjomba, elimu yangu ilikuwa hisani yako; ya binti yako je?

Shikamoo Mjomba,

Naandika haya hadharani kwa sababu ana kwa ana yalinishinda. Siku ya arobaini ya Bibi, ulipokuwa umeketi barazani na wazee ukasema, "Haki za binadamu ni mambo ya wazungu, ndiyo yaliyoharibu watoto," mimi nilikuwa nimesimama mbele yenu na birika. Nikamimina chai, nikarudi jikoni. Huko nikamkuta binti yako anasugua sufuria la pilau. Alikuwa amesikia kila neno. Aliniuliza tu kama chai imetosha.

Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika. Amesema niandike, ila nisitaje jina lake wala lako.

Nianze na deni, maana nisipolitaja nitakuwa mwizi wa fadhila. Baba alipofariki nikiwa darasa la sita, wewe ndiye uliyekuja na gari la kukodi kutuchukua, mimi na mama na mabegi matatu. Sare ulinunua wewe, na hosteli ukalipa wewe kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne kwa kuwa shule ilikuwa mbali. Ada ya kidato cha tano pia ulilipa wewe, sababu elimu bila ada ilikuwa haijafika huko. Ilifika kidato cha tano na sita mwaka 2022. Ule msimu bei ya vitunguu ilipoanguka, wakulima wakashindwa kulipa mbolea waliyokopa dukani kwako, uliuza pikipiki ili nisirudishwe nyumbani. Ulidhani sijui. Mama aliniambia.

Leo niko mwaka wa tatu wa sheria, na kila nikifungua kitabu najua nimefunguliwa na nani.

Lakini Mjomba, mkono ulionisomesha mimi ndio uliomwachisha shule binti yako. Nimejaribu miaka mingi kuyapatanisha hayo mawili, na nadhani sasa naelewa kwa nini ni jambo moja. Mimi nilisoma kwa sababu ulifurahi nami. Yeye aliacha kusoma kwa sababu ulimkasirikia. Katika nyumba yetu shule ilikuwa zawadi, na mwenye zawadi huitoa na huirudisha.

Unakumbuka Juni 2017? Tulikuwa wote wawili kidato cha kwanza, tumerudi likizo, tunakusaidia kupanga mifuko ya mbegu. Redio ikarusha hotuba ya Rais Magufuli akiwa Chalinze, kwamba chini ya utawala wake hakuna mwanafunzi aliyepata mimba atakayerudi shule. Ukaongeza sauti. Ukasema, "Hapo kanena." Nami nilikubaliana nawe, sitakuficha. Nilikuwa na miaka 14 na niliamini kwamba mambo hayo huwapata wasichana wabaya.

Mwaka uliofuata, tulipofungua muhula wa pili, wasichana wote tulipangwa mstari nyuma ya jengo la utawala. Tukapewa vikopo vya mkojo, tupimwe mimba. Hakuna aliyetuuliza kama tunakubali, wala wazazi hawakuambiwa. Anayekataa, tukaelezwa, atahesabiwa kuwa anayo. Tuliingia chooni mmoja mmoja, mlango wazi, mwalimu wa kike amesimama pale. Wavulana walikuwa uwanjani. Nilisikia firimbi ya mpira wakati nashika kile kikopo, na nilitetemeka, mimi ambaye sikuwa na la kuficha. Kesho yake jina la binti yako liliitwa. Aliondoka na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba. Alikuwa na miaka 15. Hatukuruhusiwa kumsindikiza hadi getini.

Kanuni zilizotumika kuwafukuza wasichana kama yeye ni za mwaka 2002, zinazoruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili. Nimezisoma sasa nikiwa chuo. Mimba haikutajwa. Ilichukuliwa tu kuwa ushahidi wa kosa, na mtoto wa miaka 15 akawa mkosaji. Yule mtu mzima aliyempa mimba alikuwa na sheria yake, ya mwaka 2016, kifungo cha miaka 30. Wazee wakakaa, mambo yakaishia uani. Najua ulikataa senti yao, na kwa hilo nakuheshimu. Ila polisi hukwenda. Mtu yule anaendesha bodaboda mpaka leo, anapita mbele ya duka.

Na ukaja ule uchumba. Mwanawe akiwa na miezi michache, mwenye mashine ya kukoboa mpunga akaleta posa. Ulikuwa tayari. Ulisema angalau atafunikwa aibu. Nami wakati ule sikujua kwamba sheria ilikuwa upande wako kabisa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, kwa ridhaa ya baba. Mvulana alipaswa kufikisha 18. Ridhaa ya baba, Mjomba. Siyo yake peke yake.

Aliyezuia alikuwa Bibi. Alitoka chumbani na mkongojo wake, akasema, "Huyu bado ananyonyesha na yeye mwenyewe ni mtoto. Hapana." Ukanyamaza, kwa sababu ni mama yako. Huwa nafikiria hilo usiku. Maisha yote ya binti yako yalikuwa yametundikwa kwenye pumzi ya bibi mmoja mgonjwa wa presha. Kama Bibi angekuwa ametangulia mwaka mmoja kabla, leo binamu yangu angekuwa mke wa tatu wa mtu anayemzidi miaka 30.

Mwaka huo huo wa 2019, mwezi Oktoba, Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu kuhusu jambo hilo hilo. Rebeca Gyumi, msichana wa Kitanzania aliyezaliwa Dodoma, alikuwa amekwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, akashinda Julai 2016. Serikali ikakata rufaa. Hoja yao mojawapo, nilipoisoma maktaba, niliweka kalamu chini, maana nilisikia sauti yako: kwamba ndoa ya mapema inamkinga binti asizalie nyumbani. Majaji wa Rufani hawakuikubali. Serikali ikatakiwa irekebishe umri ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita bila marekebisho. Lakini unaona njia aliyopita? Hakupiga magoti kwa mtu. Alishika Katiba, akaenda mahakamani akadai, na serikali yenye mawakili wake wote ikalazimika kumjibu.

Njia hiyo nayo haikuwapo tangu mwanzo. Katiba ya mwaka 1977 ilizaliwa bila orodha ya haki ambazo mtu angeweza kuzidai. Ziliingizwa mwaka 1984, na hata hapo mahakama zikazuiwa kuzitumia kwa miaka mitatu ili serikali isafishe sheria zake kwanza. Ni Machi 1988 ndipo mwananchi alipoweza kusimama mbele ya jaji akasema, hii ni haki yangu. Wewe wakati huo ulikuwa umekwisha maliza shule.

Mjomba, umesema ni mambo ya wazungu. Sitaki kukubishia juujuu. Ni kweli kwamba Desemba 10, 1948, Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu lilipopitishwa Paris, Tanganyika haikuwa na kiti. Tulikuwa chini ya udhamini na Mwingereza ndiye aliyetawala. Lakini hata mle ndani hawakuwa wazungu peke yao. Hansa Mehta, mama wa Kihindi, ndiye aliyesimamia yale maneno ya mwanzo yasomeke "binadamu wote", yasiwe "wanaume wote". Na Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisafiri mpaka New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kutetea madai ya Watanganyika. Hakuona haya kutumia meza ya kigeni kudai kilicho chetu.

Wewe mwenyewe ulinifundisha Azimio la Arusha. Ulikuwa unalisema kwa moyo, tukiwa tunapukuchua mahindi, kama ulivyolisema shuleni mstarini. Linaanzaje? Kwamba binadamu wote ni sawa. Kwamba kila mtu anastahili heshima. Umeyabeba maneno hayo tangu utotoni. Nakuuliza kwa adabu zote: katika "kila mtu" ya Azimio, binti yako hayumo?

Lakini kuna mwalimu aliyetutangulia sote. Bibi. Unakumbuka alivyokuwa akigawa chakula? Tukiwa wajukuu kumi na moja kwenye sinia mbili, lazima mmoja wetu alikuwa amefanya utundu siku hiyo. Mimi niliwahi kuvunja mtungi wa maji, nikakimbilia shambani kwa jirani nikajificha hadi giza. Nilivyorudi nilichapwa, na nilistahili. Halafu akaniambia, "Nenda kale, nimekufunikia." Nikakuta bakuli langu limefunikwa kwa sahani, wali na maharage, sehemu yangu kamili. Mjomba mdogo akalalamika kwamba mtoto mkorofi kama huyu angelala na njaa. Bibi akamjibu, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kosa lake nimeshalichapa. Wali ni wake."

Nimesikiliza mihadhara mingi kuhusu haki ni nini, na sijasikia iliyo wazi kuliko ile. Kosa lina adhabu yake, na adhabu ina mwisho. Chakula cha mtoto hakimo katika adhabu, wala mwili wake, wala darasa lake. Binti yako alikosea? Tuseme alikosea, ingawa mimi naamini alikosewa. Ameshachapwa. Amechapwa na shule, amechapwa na majirani waliokuwa wakinyamaza akipita, amechapwa na wewe uliyekaa miezi minne bila kumjibu salamu. Wali wake uko wapi?

Ulisema wakati ule kwamba mikono yako imefungwa, serikali imekataza. Novemba 2021 serikali ikafungua. Waziri Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wanafunzi waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi. Wenzetu Zanzibar walikuwa wanarudi tangu 2010. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika inayosimamia haki za mtoto ikasema Tanzania ilivunja haki za wasichana hawa, na ikataka upimaji wa mimba wa lazima ukomeshwe. Lile tangazo la 2021 lilipotoka nilikupigia simu kutoka shuleni, kidato cha tano, nikiwa na furaha nashindwa kuongea. Ukaniambia, "Hela ya kumsomesha nilishaitumia kwako." Nilikata simu nikaenda kukaa nyuma ya bweni. Tangu siku hiyo kila ukurasa ninaosoma naona kama nimechukua cha mtu.

Jambo moja zaidi la darasani, na ndilo lililonisukuma kuandika. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha. Nilipoisoma mwaka wa kwanza nilipigia mstari. Baadaye mhadhiri akaturudisha Ibara ya 7, na humo imeandikwa kwamba masharti ya sehemu ile, na elimu ikiwamo, hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Nilirudi hosteli nikaisoma mara tatu. Na ruhusa ya 2021 ilitolewa kwa waraka. Waraka ni karatasi ya wizara. Alichoandika waziri mmoja, mwingine anaweza kukifuta. Kwa hiyo hata taifa linawafanyia wasichana hawa kama ulivyofanya wewe: likifurahi linafungua mlango, likikasirika linafunga. Ndiyo maana siwezi kuridhika na watu wema, Mjomba. Wewe ni mtu mwema. Ningekuwa na haki ya kusoma, wewe usingelazimika kuuza pikipiki, na yeye asingelazimika kungoja hasira yako iishe. Bado anaingoja.

Sasa lililo mbele yetu. Ana miaka 22 na mwanawe ameanza darasa la kwanza. Amejiandikisha QT, ule mtihani wa maarifa wa waliokatisha sekondari. Masomo ni Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi hadi kumi na mbili jioni, pale shule ya sekondari karibu na stendi. Akifaulu atafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fedha ya kujisajili ametoa mwenyewe, kwenye vitumbua anavyouza alfajiri kabla ya kufungua duka lako, duka analosimamia miaka sita bila mshahara. Vitabu vyangu vya zamani nimempelekea na basi wiki iliyopita, vimefika.

Hahitaji ruhusa yako kisheria. Anaihitaji kama mtoto, na anaogopa kuiomba. Ameniambia akikuona umekaa na kahawa yako jioni huwa anakuja mpaka kwenye pazia, halafu anarudi.

Nakuomba mambo mawili tu. Duka afunge saa tisa na nusu siku hizo nne. Na mjukuu wako akae nawe barazani mpaka mama yake arudi; anajua kuhesabu hadi mia sasa, mwambie akuhesabie. Watatoka darasani jua linazama, na kutoka stendi ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Chakula chake mfunikieni.

Wako mtiifu,
mtoto wa dada yako