Rehema, kabla hujaanza kazi wodini

Adelaide

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na baada ya salamu ujue mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanisumbua. Ujumbe wako ulinikuta zamu ya usiku. Kumbe viza imetoka! Nilitaka nikupigie palepale, lakini nilipofika pale uliposema Mwanaisha kakuonya kwamba Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia hii, ni wagonjwa wasumbufu, hawakubali lolote, nikaona bora nikae niandike. Haya ya simu hayatoshi.

Mwanaisha anasema alichokiona, na mimi nimekiona. Majuzi tulimlaza mtoto wa kifua, kaja na bibi yake. Bibi alikaa usiku kucha kwenye kiti cha plastiki, viatu miguuni, mkoba begani, mkono kaupitisha kwenye vyuma vya kitanda kamshika mtoto kifundo cha mguu. Tulimpa godoro, akakataa. Chai, akakataa. Asubuhi akaingia dada wa ustawi wa jamii, mpole kabisa, kitambulisho shingoni. Bibi akasimama, akaanza kukusanya nguo za mtoto. Na dripu bado iko mkononi! Kwenye faili mtu akaandika: hatoi ushirikiano.

Sasa sikiliza kilichotokea mji huuhuu. Krismasi ya 1957 mtoto Bruce Trevorrow, mwenye miezi 13, aliumwa tumbo. Watu wake ni Wangarrindjeri wa upande wa Coorong, kusini mashariki ya hapa. Baba hakuwa na gari, akawaomba majirani wamfikishe hospitali ya watoto Adelaide. Mtoto akapona. Januari, ile Bodi ya Kuwalinda Waaborijini (ndivyo ilivyoitwa, kuwalinda!) ikamkabidhi kwa familia ya Kizungu. Wazazi hawakuulizwa wala hawakuambiwa. Katikati ya 1958 mama akaandika kuuliza hali ya mwanawe na lini atarudi nyumbani. Akajibiwa kwamba anaendelea vizuri ila madaktari bado wanahitaji kumtibu. Miezi yote hiyo mtoto hayuko hospitali!

Jibu lile halinitoki kichwani, Rehema. "Anaendelea vizuri." Mimi na wewe tunawaambia ndugu wa wagonjwa maneno hayohayo kila siku.

Alirudishwa kwa mama yake ana miaka 10, hawakuweza kuzoeana tena. Akaishia kwenye vituo vya kulelea watoto, kisha unyonge wa moyo na pombe ukubwani. Agosti 2007 mahakama ya jimbo ikaamua kwamba bodi ilimchukua bila mamlaka yoyote ya kisheria, akapewa fidia ya dola 525,000. Jaji aliwatazama na ndugu zake waliobaki nyumbani: walikulia umaskini uleule, lakini maisha yao hayakuvunjika kama ya mwenzao. Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd akaomba radhi bungeni kwa watoto wote waliochukuliwa. Juni mwaka huohuo Bruce akafariki, miaka 51. Serikali ya jimbo ilikata rufaa, ikashindwa 2010, mwenyewe kishazikwa.

Na walikuwa wengi. Ripoti ya taifa ya 1997 ilikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970 alichukuliwa mtoto 1 katika kila 10, na kwengine hata 1 katika kila 3. Tume iliyochunguza vifo 99 vya Waaborijini mahabusu na magerezani ilikuta 43 kati yao walitenganishwa na familia zao utotoni. Ukishajua hayo, swali la mbona wanakunywa linakuwa zito mdomoni.

Aliyemtuliza yule bibi ni mhudumu wa afya Mwaborijini, wodi nzima tunamwita Anti. Alivuta kiti, akamuuliza ni wa watu gani, wa upande gani, kisha akanyamaza naye muda mrefu. Baadaye bibi mwenyewe akasema: mama yake alichukuliwa mdogo, akalelewa na watu wa mshahara, hakupakatwa. Alipozaa hakujua kupakata, alijua kuficha. Gari geni likitokea, watoto vichakani. Kwa hiyo bibi huyu hakuchukuliwa yeye, lakini utoto wake aliumaliza mafichoni, na sasa yuko wodini na mjukuu...

Unakumbuka Bi Kidawa alivyokataa mjomba Salimu asisomewe hitima, jahazi lilipopotea? Mpaka nimwone, alisema, na miaka ikapita. Msiba usio na kaburi hauna arobaini. Lakini bahari haikumwandikia Bi Kidawa barua ya uongo. Hapa mwenye faili alijua mtoto yuko wapi.

Wala usidhani ni habari za zamani tu. Hata leo mtoto wa Kiaborijini yumo kwenye malezi ya serikali, mbali na wazazi, kwa kiwango cha zaidi ya mara 10 kuliko mtoto mwingine wa nchi hii. Yule bibi hakuwa anaota.

Kwa hiyo nakuomba, ukikuta "hatoi ushirikiano" kwenye faili, usiendelee kuinakili. Uliza. Mtoto akipelekwa eksirei, bibi aende naye. Wakija ndugu ishirini, watafutie nafasi, wewe wa matanga unajua kwa nini wanakuja. Na mtu akifariki usikimbilie kumtaja jina mbele ya jamaa; kwa wengi wao jina la marehemu huachwa. Muulize kwanza Anti wa wodi yenu. Yule mtoto wetu alimaliza dawa zote, kwa sababu tu bibi aliwekewa kitanda kando yake na kila anayeingia akaambiwa ajieleze amefuata nini.

Sasa niambie, mkataba wako ni wa wodi ya watoto au ya wazee? Ni hapa mjini au Port Augusta kama alivyosema Zubeda? Goti la mama limepungua? Na Nasra atabaki na nani mpaka upate kumleta, umeshamwambia mwenyewe? Analionaje? Kanga niletee, dagaa usithubutu, forodha ya huku haina mchezo na vyakula. Nijibu kabla hujakata tiketi, nipange likizo nije kukupokea.

Ndugu yako,
Mwajuma