Mafundi watuwekee programu za bure, tuwalipe kazi yao

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mmoja alilalamika katika ukurasa huu kwamba amenunua kompyuta ya mtumba kwa ajili ya wanawe, kisha fundi akamtaka alipe tena ndipo amwekee programu za kuandikia. Alimalizia kwa kuuliza ni wapi wanaweka "za kukreki", yaani za wizi zilizovunjwa kufuli la leseni, kwa bei nafuu. Nikasema huyu namjibu, maana njia anayoiulizia nimeshaipita na najua inakotokea.

Mimi ni katibu muhtasi mstaafu. Uhazili nilisomea Tabora mwaka 1983, hatimkato na taipureta, enzi ambazo ukikosea herufi kwenye stensili unapaka dawa, unapuliza, unangoja ikauke, na bosi amesimama mlangoni. Siku hizi naishi Tanga, nina kompyuta ya mezani iliyokwishatumika huko ilikotoka, na ndiye ninayetunza kumbukumbu za kikoba chetu cha akina mama 28. Hisa, mfuko wa jamii, mikopo, marejesho, faini za wachelewaji, vyote viko mikononi mwangu.

Programu ya hesabu aliniwekea kijana mmoja wa mjini kwa Sh30,000. "Mama, hii ni ya kudumu," akasema. Kabla ya kuiweka alizima antivairasi kwa sababu ilikuwa inapiga kelele. Ni kama mgeni wa usiku anayekuomba umfunge mbwa kwanza ndipo aingie, na mimi nikamfunga. Desemba, siku mbili kabla ya kuvunja kikoba, nachomeka flashi, mafaili yote yamegeuka vijishale. Ukibonyeza, hakuna kinachofunguka. Ndani ya kompyuta nako vilevile. Kumbukumbu za miezi 11! Aliyetuokoa ni mweka hazina wetu na kaunta buku lake, mama ambaye hajawahi kugusa kompyuta, na ambaye mwaka mzima nilikuwa nikimtania kwamba anauchosha mkono wake bure. Tulikesha naye siku mbili, yeye anasoma, mimi napiga chapa. Hakunirudishia utani hata mara moja. Afadhali angenirudishia.

Mtoto wa dada yangu, aliye chuoni, alipokuja likizo alicheka sana. Mafaili yalikuwa yamefichwa tu na kirusi, akayatoa yote kabla chai haijapoa. Kisha akafuta alichoweka yule kijana, akaweka LibreOffice, programu ya ofisi ya bure.

Nitaieleza kidogo, kwa sababu ndiyo jibu la swali la msomaji. LibreOffice ina sehemu ya kuandikia barua, sehemu ya majedwali ya hesabu, na sehemu ya maonyesho ya ukutani kama yale ya semina. Ilijitenga na OpenOffice, programu nyingine ya ofisi ya bure, mwaka 2010, na inasimamiwa na taasisi iliyoko Ujerumani inayoishi kwa michango. Leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani, bila kumwibia mtu na bila kuzima antivairasi. Jedwali langu la kikoba ni lilelile. Hisa za wanachama wote 28 najumlisha kwa =SUM(B2:B29), kama zamani.

Kuna mambo matatu ambayo mtu wa kazi yangu lazima ayaone. Kwanza karatasi. Kompyuta hizi za mtumba nyingi zimepangwa Kimarekani, hivyo ukurasa unafunguka kwa kipimo cha kwao, ambacho ni kifupi na kipana kuliko A4. Ukichapa, pambizo zinakaa ovyo na hujui kwa nini. Badilisha mapema. La pili ni steshenari. Ukipeleka barua kwa flashi na wao wakaifungua kwa Word, mistari inaweza kusogea, jina la mkurugenzi likaangukia ukurasa wa pili peke yake. Igeuze kuwa PDF kwanza, kitufe kiko palepale juu, na itatoka kama ulivyoipanga.

La tatu ndilo lililonipendeza. Kwa miaka yote nimekuwa nikiandika Kiswahili huku kila neno limepigiwa mstari mwekundu wa mawimbi, kana kwamba lugha nzima ni kosa la tahajia. LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili. Vitenzi vyetu virefu inavikosa, ukiandika "wameshachangishana" inashtuka, lakini barua ya kawaida inapita bila wekundu. Ila wakati wa kuiweka uchague mwenyewe lugha, fundi asipite tu neksti, neksti, finishi. Hata menyu zinaweza kusomeka kwa Kiswahili, ingawa tafsiri haijakamilika. Kazi hiyo tuliianza wenyewe: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Wangapi leo wanakumbuka?

Najua mtasema rahisi inavunja upishi. Nami nilisema hivyohivyo kwa kijana wetu wa chuoni, akaniuliza: ile ya Sh30,000 ilipika nini?

Sasa niseme la kaseti, maana hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mama yangu alikuwa Mbondei wa Muheza, na mwaka 1989 marehemu mume wangu alimrekodi akiwasimulia wanetu ngano, kwenye kaseti ya dakika 60. Redio kaseti yetu bado inafanya kazi ukiipigapiga ubavuni, lakini kaseti yenyewe imeanza kulia kama mbu. Kuna programu ya bure inaitwa Audacity, iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Unachukua waya wenye pini kama ya spika za masikioni pande zote mbili, upande mmoja kwenye tundu la spika hizo kwenye redio, mwingine kwenye tundu la waridi nyuma ya sipiyu, lile la kipaza sauti. Wenye laptopu za tundu moja wajihadhari, mara nyingi hilo peke yake halipokei. Sauti ya redio uiweke chini kwanza. Kwenye kioo utaona milima inapanda na kushuka, na ikigonga dari imeharibika, haitengenezeki tena. Halafu ubonyeze duara jekundu na usubiri. Dakika 60 za kaseti ni dakika 60 za kukaa kitini, hakuna njia ya mkato. Mimi nilichambua mchele.

Kuondoa mbu ni hivi: unachagua kipande ambacho hakuna anayesema, sekunde mbili tatu za uvumi mtupu, unaiambia programu "sikiliza, kelele yenyewe ndiyo hii". Kisha unachagua rekodi nzima na kuiamuru iupunguze uvumi wa aina hiyo. Usizidishe. Mara ya kwanza nilizidisha, mama akasikika kama anaongea kutoka ndani ya mtungi. Ya pili ikakaa vizuri. Kuna jogoo anawika katikati ya hadithi ya sungura, kijana akataka kumkata, nikamwambia amwache, huyo jogoo namfahamu. Tukaihifadhi kwa MP3 na kuituma kwenye kundi la ukoo. Kaka yangu wa Songea alipiga simu, na kwa muda mrefu hakusema kitu.

Nyingine nitazipitia haraka. VLC inacheza karibu kila video, hata diski ya harusi ya mwaka 2002 ambayo programu iliyokuja na kompyuta iliikataa. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris. Kiwix inakuwezesha kusoma Wikipedia bila bando: ya Kiingereza pamoja na picha zake inapita GB 100, lakini ya Kiswahili inaingia kwenye flashi ndogo, na mjukuu wangu wa kidato cha pili anaitumia hata siku ambayo simu ya mama yake haina kitu. Mdogo wake ana GCompris, michezo ya kuhesabu na kujifunza kibodi, na ananinyang'anya kiti. Antivairasi sikununua. Ile inayokuja na Windows inatosha, mradi usiizime kwa ombi la mtu.

Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, nayo imenigonga mlangoni. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yangu haikidhi masharti ya Windows 11. Kijana aliniwashia Linux Mint kutoka kwenye flashi, bila kugusa kitu ndani ya kompyuta, ili nijaribu tu. Ilikuwa nyepesi, LibreOffice ilikuwemo tayari, printa ikakubali, skana ikagoma. Bado sijahama. Nitahama skana itakapokubali au nitakapochoka kuisubiri.

Jambo moja la tahadhari. Ukiandika jina la programu kwenye mtandao utaletewa kurasa nyingi zenye vitufe vikubwa vya kijani, na kitufe kikubwa kuliko vyote ndicho cha uongo. Nenda moja kwa moja: libreoffice.org, videolan.org kwa ajili ya VLC, audacityteam.org, kiwix.org. LibreOffice peke yake ni kama MB 350, kwa hiyo ni bora mtu mmoja mtaani aipakue, wengine wachukue kwa flashi. Leseni inaruhusu, nimeshasema. Ila flashi hiyo ipimwe kwanza, mimi mnajua kwa nini.

Ombi langu kwako Mhariri ni kisanduku kidogo kwenye ukurasa wa elimu, anwani tano tu, mwezi wa Januari ambapo wazazi wananunua vifaa. Na mafundi wasione nawatia njaa. Wanachotuuzia kiwe kazi yao: kuweka, kupanga A4, kuchagua Kiswahili, kupima virusi. Mwezi uliopita nilimpeleka shoga yangu kwa fundi mwingine, nikamwandikia kwenye karatasi majina ya programu nne za bure. Alipomaliza nikampa Sh15,000 za kazi. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

Katibu Muhtasi Mstaafu,
Tanga