Bei ya dagaa na asilimia zenu

Ndugu Mhariri,

Miaka saba sijawaandikia, nilishajizoesha kununa kimyakimya. Mmenichokoza wenyewe kwa ile habari ya dagaa ukurasa wa mbele: "bei yapanda kwa asilimia 150". Ndani mnasema kilo ilikuwa 20,000, sasa 30,000. Hiyo imepanda kwa asilimia 50! Imefika asilimia 150 YA bei ya zamani, haijapanda KWA asilimia 150. Ingepanda hivyo tungenunua kwa 50,000. Mwandishi wenu akiandika "mvuvi kavuliwa na samaki" mtamsahihisha kabla chai haijapoa. Akiharibu namba, mnasema hesabu ngumu.

Hesabu ni lugha, ina sarufi. Ndiyo maana tuliwakaririsha watoto MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), wajue 2 + 3 × 4 ni 14, si 20. Na ni lugha ya watu wasiopenda maneno mengi: Robert Recorde, daktari wa Wales, mwaka 1557 alichoka kurudiarudia "ni sawa na", akachora vistari viwili sambamba, kwa kuwa hakuona vitu viwili vinavyolingana kuliko hivyo.

Msinione mjuaji. Mimi mwenyewe, mwalimu wa hesabu miaka 31, nimeliwa. Mwaka juzi upepo uling'oa bati zangu, nikaenda kwa hawa wakopeshaji tunaowaita kausha damu, nikachukua 600,000. Fomu ilisema "riba asilimia 10". Basi. Kwa muda gani, kimya. Kichwani nikaweka 60,000, nikatia saini, nikaenda kununua misumari. Kumbe ni asilimia 10 kila mwezi, tena ya mkopo wote wa mwanzo, hata ukiwa umesharudisha nusu! Miezi minane, riba 480,000. Nilipokwenda kuuliza, kijana wa dirishani akanijibu, "Mzee, si ulisoma?" Nilisoma! Nilisoma sentensi iliyokatwa ulimi, nikaijazia maneno mwenyewe. Anayeandika asilimia bila kusema ya nini na kwa muda gani hajakosea hesabu, amenyamaza makusudi. Nanyi mkiziandika hivyohivyo kila siku, mnatuzoesha kutouliza.

Na tukiwa hapohapo, nani anakagua sado za kupimia dagaa huku kwetu? Zimegongwa kitako kuingia ndani, na bado zinaitwa sado. Lumbesa, lile gunia la kujaziwa kupita kipimo, tunaipigia kelele kwa sababu inaonekana. Kitako hakionekani, ukilalamika unaongezewa konzi moja juu, unashukuru.

Nitawatumia kilo mbili za dagaa kwa treni, kwa gharama yangu. Ziwekwe mezani kwa mwandishi. Kabla ya kuandika asilimia yoyote, aongeze kilo moja juu yake, atazame, aseme kwa sauti zimepanda kwa ngapi. Akikosea, zisiondolewe, chumba kizima kinuke mpaka jioni. Mzani mtafute wenyewe, maana sado niliyonayo nimeinunua hapahapa.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma