Sigara kwenye roshani za meli za kitalii

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaolalamika kwamba kampuni za meli za kitalii zinawaonea wavutaji kwa kuwakataza kuvuta sigara kwenye roshani za vyumba walivyovilipia wenyewe. Wanasahau mkasa wa Machi 2006, meli ya Star Princess ilipokuwa ikielekea Jamaika usiku: moto ulizuka kwenye roshani, ukasambaa upesi kwa kuwa vizuizi na samani zake vilikuwa vya plastiki, na abiria mmoja akafariki. Wachunguzi walisema yaelekea chanzo kilikuwa kipisi cha sigara. Kipisi kinachotupwa baharini huweza kurudishwa na upepo hadi roshani ya jirani, penye taulo iliyoanikwa kitini.

Hata hivyo, siungi mkono marufuku ya meli nzima. Meli ya Paradise ilijaribu hilo tangu 1998, ikiwatoza wakaidi faini na hata kuwateremsha bandarini, lakini mwaka 2004 utaratibu huo ukaachwa. Mvutaji atengewe sehemu ya sitaha iliyo wazi, wala isiwe kasino, ambako wahudumu (hao hawaulizwi maoni) huuvuta moshi wa wageni zamu nzima.

Msomaji wako,
Mombasa